Wasomaji Wauliza: Mortimer, jina la kijiji walichonyang'anywa

Ukurasa huu hujibu maswali kuhusu majina na nasaba. Safari hii tumechagua barua zinazohusu jina moja tu, Mortimer, mojawapo ya majina ya ukoo yaliyoingia Uingereza na Wanormani, watu wa Normandy kaskazini mwa Ufaransa, katika karne ya 11. Maswali yaliyojirudia tumeyaunganisha.

Mume wangu ni wa ukoo wa Mortimer. Mashemeji zangu husimulia kwamba babu yao alipigana Vita vya Msalaba, akaonyesha ushujaa kando ya Bahari ya Chumvi kule Palestina, na ndipo akapewa jina. Mimi nimeona hati ya Kilatini ambamo jina limeandikwa "de Mortuo Mari", yaani wa Bahari Mfu. Kwa hiyo hadithi ni ya kweli?

Hati ni ya kweli, hadithi si ya kweli. Tarehe peke yake zinaiangusha. Papa Urban wa Pili alitangaza Vita vya kwanza vya Msalaba mwaka 1095, na Yerusalemu ikatekwa mwaka 1099. Lakini mtu wa kwanza wa ukoo huu tunayemfahamu vizuri, Roger wa Mortemer, alikuwa akiitwa hivyo mwaka 1054, miaka zaidi ya 40 kabla ya safari hiyo.

Mortemer ni kijiji kando ya mto Eaulne, kaskazini mwa Ufaransa, katika jimbo ambalo leo huitwa Seine-Maritime. Jina la kijiji linatokana na Kifaransa cha kale na maana yake ni maji yaliyokufa: dimbwi au kinamasi ambacho maji yake yametuama. Makarani wa zama hizo waliandika karibu kila kitu kwa Kilatini, na walipofika kwenye jina la mahali waliligeuza neno kwa neno, kila kipande kikapata mwenzake wa Kilatini. Ndivyo Mortemer ikawa "Mortuum Mare", maneno yaleyale yaliyotumika kwa Bahari ya Chumvi. Vizazi vya baadaye vilikuta Kilatini hicho, havikujua tena habari za kijiji, vikaitungia hadithi ya Palestina. Ukikutana na hadithi ya asili ya jina la Kinormani inayoanzia kwenye Vita vya Msalaba, tafuta kwanza kama kuna kijiji chenye jina hilo Normandy. Mara nyingi kipo.

Waambie mashemeji kwamba kisa cha kweli kina uzito kuliko hicho cha Bahari ya Chumvi. Mwaka 1054 Mfalme Henri wa Kwanza wa Ufaransa aliivamia Normandy kwa majeshi mawili. Moja lilipiga kambi Mortemer, likapora na kulewa, na Wanormani wakalivamia alfajiri. Roger alikuwa mmoja wa makamanda wa upande ulioshinda. Tatizo ni kwamba kati ya Wafaransa walioshindwa alikuwemo Ralph, kabaila wa Crépy na Valois, ambaye Roger alikuwa amemwapia utii. Kiapo ni kiapo. Roger alimficha ndani ya ngome yake, kisha akamsindikiza hadi kwao salama. William, mtawala wa Normandy, yule aliyekuja kuitwa William Mshindi kwa kuiteka Uingereza mwaka 1066, hakupendezwa. Alimfukuza Roger nchini, na ngome ya Mortemer akampa William de Warenne, jamaa wa Roger mwenyewe. Baadaye Roger alisamehewa na kurudishiwa mali nyingine, lakini Mortemer haikurudi. Mwandishi mkuu wa habari hii ni mtawa Orderic Vitalis, aliyeandika katika karne ya 12.

Kwa hiyo tangu mwanzo kabisa ukoo huu umebeba jina la mahali ambapo haukuwa na hata pa kulaza kichwa. Tunalisisitiza hili kwa sababu ndilo kosa la kwanza la watafutaji wengi: huenda Mortemer kutafuta hati za ukoo baada ya 1054 na kukuta za Warenne. Makao ya ukoo Normandy baada ya hapo yalikuwa Saint-Victor, katika eneo la Caux.

Kwenye ramani ya Ufaransa nimeona Mortemer zaidi ya moja, na pia Mortain. Ipi ndiyo yetu?

Ni ile ya Seine-Maritime. Ipo nyingine katika jimbo la Oise, ambalo halimo Normandy. Ipo pia abasia ya Mortemer huko Lisors, jimbo la Eure, iliyoanzishwa na watawa katika karne ya 12. Watalii hupelekwa kwenye abasia hiyo na kuambiwa ndiyo chimbuko la ukoo. Siyo.

Mortain ni hatari zaidi, kwa sababu inaharibu utafiti hata wa watu makini. Robert wa Mortain alikuwa ndugu wa William Mshindi kwa mama, na katika Kitabu cha Domesday cha mwaka 1086, ile orodha ya mali za nchi, ni mmoja wa wenye ardhi kubwa kuliko wote Uingereza. Kilatini cha Mortain ni "de Moritonio", cha Mortemer ni "de Mortuo Mari" au "de Mortemer". Makarani walipenda kufupisha maneno kwa kukata mwisho na kuweka alama juu yake, na msomaji wa leo akiona "Mort" yenye mkia hukimbilia jina analolitaka yeye. Ukikuta ufupisho, angalia jina la kwanza na kaunti. Robert mwenye ardhi Cornwall ni wa Mortain. Ralph mwenye ardhi Herefordshire na Shropshire ni wa Mortemer.

Je, Mortimer alikuwepo kwenye vita vya Hastings mwaka 1066? Kuna orodha nyingi mtandaoni zinazomtaja.

Orodha ni nyingi, uthibitisho haupo. Watu ambao wanahistoria wanakubaliana bila shaka kwamba walipigana upande wa William pale Hastings hawafiki 40, na Mortimer hayumo kati yao.

Zile orodha za mtandaoni zinatoka mahali panapojulikana. Ya kwanza ni ile iitwayo Orodha ya Abasia ya Battle: nakala ya asili haipo, zilizobaki ni za karne za baadaye na zimeongezwa majina ya familia zilizotaka kuwemo. Nyingine imechongwa ndani ya kanisa la Dives-sur-Mer mwaka 1862. Nyingine ni bamba la shaba la Falaise la mwaka 1931. Mbili hizi za mwisho ni kumbukumbu za heshima tu, si hati. Kuna pia mshairi Wace, aliyetaja Hugh wa Mortemer akiwa vitani, lakini aliandika takriban miaka 100 baadaye, wakati ambapo bwana wa ukoo kweli aliitwa Hugh. Inaelekea alichukua jina la mtu wa siku zake akalipeleka nyuma.

Hati ya kwanza imara upande wa Uingereza ni Kitabu cha Domesday chenyewe. Humo Ralph wa Mortemer, mwana wa Roger, ana mashamba katika kaunti 12, mengi yakiwa mpakani mwa Wales. Makao yake makuu ni Wigmore, Herefordshire. Ngome ya Wigmore hakuijenga yeye. Ilijengwa na William FitzOsbern, juu ya ardhi tupu iliyoitwa Merestun kama Kitabu kinavyosema. FitzOsbern aliuawa mwaka 1071, mwanawe akaasi mwaka 1075 akapoteza kila kitu, na ndipo Ralph akapata nafasi. Kumbuka lakini kwamba Domesday ni orodha ya mali. Kuwa na shamba mwaka 1086 si ushahidi kwamba mtu alishika upanga mwaka 1066.

Hilo "Fitz" la FitzOsbern si ndiyo alama ya mtoto wa nje ya ndoa?

Hapana. Ni "mwana wa", kwa Kifaransa cha Wanormani. Osbern alikuwa baba halali wa William. Desturi ya kuwapa watoto wa nje wa wafalme majina kama FitzRoy ilikuja karne nyingi baadaye, na ndiyo iliyolichafua neno.

Mwalimu wetu wa historia alisema ukoo wa Mortimer nusura uitawale Uingereza. Inakuwaje familia ya mpakani ifike huko?

Kwa ndoa, na kwa subira ya kuziunganisha ndoa hizo kizazi baada ya kizazi. Lakini kwanza yupo mmoja aliyejaribu njia ya mkato.

Huyo ni Roger Mortimer, bwana wa Wigmore. Mwaka 1301, akiwa kijana mdogo, alimwoa Joan de Geneville, mrithi wa Ludlow huko Shropshire na wa sehemu ya Meath, Ireland, pamoja na ngome ya Trim. Alipigana na Mfalme Edward wa Pili, akashindwa, akafungwa kwenye Mnara wa London. Agosti 1323 alitoroka baada ya walinzi kuleweshwa kwa dawa, akakimbilia Ufaransa. Huko akaungana na Malkia Isabella, mke wa mfalme yuleyule aliyemfunga. Septemba 1326 walitua Suffolk na kikosi kidogo, na Januari 1327 mfalme alikuwa ameshavuliwa taji. Edward wa Tatu alitawazwa akiwa na miaka 14, huku Roger na Isabella wakishika hatamu. Mwaka 1328 Roger alijipatia cheo kipya kabisa, Earl wa March, maana yake kabaila mkuu wa mpakani. Usiku mmoja wa Oktoba 1330 mfalme kijana aliwaingiza watu wake kwenye ngome ya Nottingham kupitia njia ya chini ya ardhi, Roger akakamatwa, na tarehe 29 Novemba akanyongwa Tyburn.

Kwa familia nyingi hapo ndipo habari ingekwisha. Lakini mjukuu wake, Roger mwingine, alimtumikia Edward wa Tatu vizuri vitani, akawa mmoja wa mashujaa wa kwanza wa Nishani ya Garter, na mwaka 1354 akarudishiwa cheo cha Earl. Mwana wa mjukuu huyo, Edmund, alimwoa Philippa. Ndoa hii ndiyo iliyobadili kila kitu. Philippa alikuwa mtoto pekee wa Lionel, wa pili kwa umri kati ya wana wa Edward wa Tatu waliofika utu uzima. Henry wa Nne, aliyetwaa kiti mwaka 1399, alikuwa mwana wa John wa Gaunt, mdogo wake Lionel. Ukikubali kwamba haki ya kiti hupita hata kwa mwanamke, basi mwaka 1399 mfalme halali alikuwa Edmund Mortimer, Earl wa tano, mtoto ambaye hata miaka 8 alikuwa hajaifikisha.

Edmund huyo hakutaka makuu. Mwaka 1415 watu walipopanga njama huko Southampton ya kumtawaza, alikwenda mwenyewe kumweleza Henry wa Tano. Wapangaji wakauawa. Alikufa Ireland mwaka 1425 kwa tauni, bila mtoto. Wa mwisho katika mstari wa kiume wa Ma-Earl alikuwa yeye.

Dada yake Anne alikuwa ameolewa na Richard wa Conisburgh, mmoja wa waliouawa kwa njama ile ya 1415. Mtoto wao, Richard, Duke wa York, ndiye aliyerithi mashamba ya Mortimer na dai la kiti. Mwaka 1450 Jack Cade alipoongoza uasi wa Kent alijiita John Mortimer, jambo linaloonyesha jina hilo lilivyokuwa na uzito hata kinywani mwa mtu asiyehusika nalo. Februari 1461 mjukuu wa Anne alishinda vita mahali paitwapo Mortimer's Cross, maili chache tu kutoka Wigmore, na mwezi uliofuata akatangazwa kuwa Mfalme Edward wa Nne. Binti yake Elizabeth alikuwa mama wa Henry wa Nane, na kila mfalme na malkia wa Uingereza tangu hapo anatoka kwa Elizabeth huyo. Damu ya Mortimer basi ilifika kwenye kiti cha enzi, ila ilifika bila jina la Mortimer.

Katika tamthilia za Shakespeare, Edmund Mortimer mmoja ni mfungwa wa Wales aliyeoa binti wa Glyndŵr, halafu papo hapo ndiye mrithi wa kiti. Mbona tarehe hazikubaliani?

Kwa sababu ni watu wawili. Aliyetekwa na Owain Glyndŵr, kiongozi wa uasi wa Wales, kwenye vita vya Bryn Glas, Juni 1402, akamwoa binti yake Catrin na kufa wakati wa kuzingirwa kwa Harlech mwaka 1409, ni Bwana Edmund, baba mdogo. Mrithi wa kiti ni mtoto wa kaka yake, Edmund Earl wa tano. Shakespeare aliwachanganya, na miti ya ukoo mingi ya mtandaoni imefuata kosa hilohilo. Kwenye mti wako ukiona Edmund mmoja mwenye mke Catrin na cheo cha Earl kwa pamoja, ukate hapo.

Nataka kumtafutia mume wangu ukoo wake hadi kwa Ralph wa 1086. Nianzie wapi na nitakwama wapi?

Anza na aliye hai, urudi nyuma kizazi kimoja kimoja. Wanaoanzia kwa Earl na kushuka hufika popote wanapotaka kufika, na thamani ya safari hiyo ni sifuri.

Uandikishaji wa serikali England na Wales ulianza tarehe 1 Julai 1837. Cheti cha kuzaliwa humtaja baba na kazi yake, na mama pamoja na jina la kwao. Cheti cha ndoa huwataja baba wa bwana harusi na wa bibi harusi, kwa hiyo hukupa kizazi kizima kwa karatasi moja. Kabla ya kununua cheti, tumia faharasa ya mtandaoni ya General Register Office yenyewe, ofisi ya serikali inayotunza vyeti hivyo: huonyesha jina la kwao mama kwa waliozaliwa tangu 1837. Faharasa za zamani zilizochapwa, ambazo tovuti nyingi bado huzitumia, huonyesha jina hilo kuanzia robo ya mwaka iliyoishia Septemba 1911 tu. Tofauti hii ndogo inakuokoa usinunue vyeti vya John Mortimer watano wasio wako.

Sambamba na vyeti tumia sensa za kila miaka 10. Ile ya 1841 isome kwa tahadhari: haisemi nani ni nani kwa nani ndani ya nyumba, na kwa watu wa zaidi ya miaka 15 umri ulishushwa hadi namba inayogawanyika kwa 5, hivyo mtu wa miaka 39 huandikwa 35. Ya 1851 ndiyo daraja lako, kwa kuwa inataja uhusiano na parokia mtu alikozaliwa. Ya 1931 iliungua moto, ya 1941 haikufanyika kwa sababu ya vita.

Parokia ukishaijua, nenda kwenye rejista za kanisa. Ziliamriwa mwaka 1538, ila nyingi zimebaki kuanzia 1558 au 1598, kwa kuwa amri ya kunakili upya kwenye ngozi iliruhusu kuanzia utawala wa Elizabeth wa Kwanza. Rejista ikipotea au kuoza, uliza nakala zilizopelekwa kwa askofu kila mwaka. Kuna pengo kati ya miaka ya 1640 na 1660, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe na baada yake. Usilizibe kwa kukisia. Kuanzia Machi 1754 ndoa huandikwa kwenye fomu maalumu zenye sahihi za wahusika, na sahihi ni njia nzuri ya kutofautisha watu wawili wenye jina moja. Kisha kalenda: hadi 1751 mwaka wa Kiingereza ulianza tarehe 25 Machi. Ubatizo ulioandikwa 10 Februari 1700 kwa hesabu ya leo ni wa 1701. Asiyelijua hili humkuta mtoto aliyebatizwa kabla ya wazazi kuoana na kuanza kuwasingizia watu.

Wosia husaidia sana kwa watu wenye mali kidogo. Zile za Mahakama ya Askofu Mkuu wa Canterbury, kuanzia 1384 hadi 1858, zipo kwenye Hifadhi ya Taifa huko Kew. Mbali na wosia kuna vitabu vya mahakama za mashamba ya mabwana, vinavyoonyesha nani alirithi kipande gani cha ardhi kutoka kwa nani. Hadi 1733 karibu vyote ni kwa Kilatini.

Unapotafuta kwa kompyuta, usitegemee herufi sita za kwanza. Jina limeandikwa Mortimer, Mortymer, Mortemer, Mortimore. Hili la mwisho utalikuta sana Devon. Andika M*rt*m*r* pale tovuti inaporuhusu. Utafutaji wa kufuata sauti, ule uitwao Soundex, huzipa zote hizo alama moja, M635, hata Martimer. Lakini msomaji wa hati akiiona "t" isiyokatwa vizuri kama "l", jina huingizwa kama Morlimer, alama inakuwa M645, na mtu wako anapotea machoni pako kabisa. Ukikosa jina, tafuta kwa jina la kwanza, mwaka na parokia bila jina la ukoo.

Sasa utakapokwama. Kwa familia ya kawaida, njia hufungwa kati ya 1550 na 1600. Kati ya hapo na mwisho wa Ma-Earl mwaka 1425 kuna zaidi ya karne moja ambayo huvukwa tu ikiwa babu zako walikuwa na ardhi ya kutosha kuingia kwenye uchunguzi wa mali za marehemu uliofanywa na maofisa wa mfalme, au kwenye hati za mauziano ya ardhi zilizowekwa mahakamani tangu 1195. Wengi watakimbilia nasaba zilizokusanywa na maofisa wa nembo walipozunguka kaunti kati ya 1530 na 1688. Zitumie, lakini ujue kwamba vizazi vya karibu vilisimuliwa na wenyewe waliovijua, na vile vya mbali vilisimuliwa na wenyewe waliovitamani.

Kwani kila Mortimer si wa ukoo mmoja? Jina ni moja.

Jina ni moja, matawi ni mengi. Mbali na Wigmore kulikuwa na Mortimer wa Chirk, wa Richard's Castle, wa Attleborough huko Norfolk, na wa Aberdour huko Scotland. Chirk walitoka Wigmore bila ubishi. Kwa wengine kiungo hakijathibitishwa. Ongeza vijiji vilivyochukua jina la bwana wake, kama Cleobury Mortimer na Stratfield Mortimer. Katika karne ya 13 na ya 14, watu wa kawaida walipoanza kushika majina ya kudumu, mtu aliyehama kutoka mahali pa namna hiyo angeweza kuitwa kwa jina hilo bila tone la damu ya Ralph. Ile "de" iliyotangulia jina haikuwa alama ya ukabaila. Ilimaanisha "wa kutoka" tu, na kufikia karne ya 15 ilikuwa imeshadondoka kwa wengi.

Ireland ina mtego wake. Jina la kwanza la Kigaeli Muircheartach lilibadilishwa na kuwa Mortimer, hasa upande wa Kerry na Cork, kwa sababu yanakaribiana kwa sauti. Ukimkuta mkulima wa Kerry anayeitwa Mortimer kwa jina la kwanza, usimtafutie babu Normandy. Na hati za Ireland zenyewe ziliteketea kwa wingi Dublin mwaka 1922. Scotland uandikishaji wa serikali ulianza 1855, na vyeti vya huko vina habari nyingi kuliko vya England.

Kipimo cha vinasaba kitamaliza ubishi?

Kipimo cha kromosomu Y kinafaa, kwa sababu hupita kutoka baba kwenda kwa mwana kama jina la ukoo lilivyopita. Pima angalau alama 37. 111 ni bora zaidi. Tafuta wanaume wawili wa jina hilo ambao hati zinasema wana babu mmoja wa karne ya 17 au 18. Wakifanana, hati zako zimepata nguvu hadi kwa babu huyo. Wasipofanana, mahali fulani kuna mtoto aliyelelewa, au aliyechukua jina la mama, au hati iliyosomwa vibaya.

Lakini hakuna Y ya Ralph iliyohifadhiwa mahali popote ili ulinganishe nayo, na hakuna kinasaba cha "Kinormani" peke yake: wale watu walikuwa mchanganyiko wa Waskandinavia na wenyeji waliowakuta. Vipimo vya kawaida vya jumla havisaidii kwa umbali huu, huanza kufifia baada ya vizazi 5 au 6.

Duka moja la mtandaoni limeniuzia nembo ya "familia ya Mortimer" yenye mistari ya bluu na dhahabu. Je, tunaweza kuiweka kwenye kadi za harusi?

Nembo waliyokuuzia yaelekea ni ya kweli: milia ya kulala ya dhahabu na bluu, sehemu ya juu ina milia ya kusimama na pembetatu pembeni, na katikati kuna ngao ndogo nyeupe. Ila ni ya Mortimer wa Wigmore, si ya kila aitwaye Mortimer. Kwa sheria ya Uingereza nembo ni mali ya mtu na wazao wake halali wa kiume, haitolewi kwa jina la ukoo. Anayeitaka athibitishe nasaba mbele ya Chuo cha Nembo cha London, kilichoanzishwa 1484, au aombe nembo yake mpya na kulipia ada.

Adhabu ya kuitumia bila haki ni nadra England. Mahakama inayohusika ilikaa mara ya mwisho mwaka 1954. Scotland ni tofauti, huko Lord Lyon, ofisa mkuu wa nembo, ana mahakama inayofanya kazi na unaweza kushtakiwa humo. Kama harusi ni Edinburgh, chapisheni maua.